Kijiko cha Mama Katika Mto Sibiti

Nuru iliingia mtoni kwa kichwa. Ilizama, ikapotea, kisha ikaonekana tena chini ya maji, ndogo, nyeupe, ikizunguka. Ikizunguka na kuja. Ikizunguka na kuja. Ilipofika ukingoni iliruka juu, ikadondosha matone matatu manne, ikaning'inia kwenye mshipi mbele ya sweta la kijani la Luciana, ikatulia. Ikawa kipande cha chuma tu.

"Kitendawili," Luciana alisema bila kugeuka.

"Tega."

"Mchezaji wangu, nikimvuta anacheza, nikimwachia anakufa."

Magreth alikuwa amekaa juu ya jiwe, amejifunga khanga mbili na shuka moja, na baridi ya Julai bado inamtafuta. Pembeni yake alilala kuku mwekundu aliyefungwa miguu kwa utepe wa kitambaa. Jibu la kitendawili lilikuwa linaning'inia pale pale, lakini Magreth hakuliona. Macho yalikuwa mtoni. Akili ilikuwa inatafuta kijiko.

"Umeshindwa?"

"Sijashindwa, wifi. Nimepigwa na baridi."

"Baridi haipigi akili. Nipe mji."

"Chukua Iguguno."

"Iguguno ni kwetu, nilizaliwa pale! Unanigawia nyumba yangu mwenyewe?" Luciana alicheka, akarusha tena, na ile nuru ikaingia tena mtoni kwa kichwa.

*

Tusikie kwanza habari ya kijiko.

Kilikuwa kijiko kikubwa cha kupakulia, cheupe, kizito mkiani, chepesi mdomoni. Kilikuwa cha mama yake Magreth, kule Kinampanda. Kililisha watoto saba, kikalisha wajukuu, kikalisha wageni waliokuja kuuliza njia wakakuta ugali umeiva. Mama alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Vijiko vya watu wengine hulika upande wa kushoto, maana huko ndiko vinakogusana na chungu. Kijiko cha mama kililika upande wa kulia. Mtu asingeweza kukichanganya na kingine, hata gizani, hata kwa kupapasa.

Mama alipofariki, wakubwa waligawana ng'ombe na shamba. Magreth, kitinda mimba, aliulizwa anataka nini. Akasema, kile.

Sasa Clement, mume wa Magreth, ana ukoo wenye utani wake. Dada wa mume akija kutembea, siku ya kuondoka huondoka na kitu kimoja cha jikoni. Haombi. Mke wa kaka hujifanya hajaona. Baadaye mke wa kaka humfuata wifi yake na kuku mkononi kwenda kukomboa, na hapo ndipo pana kula, pana kuimba, pana kusemana mpaka mbavu ziume. Miaka thelathini na minane Luciana, dada yake Clement, alikuwa anachukua. Alichukua ungo. Alichukua kibuyu. Alichukua mwiko ukiwa bado na ugali. Mwaka mmoja alichukua kikaango kikiwa cha moto, akakipakata ndani ya basi huku anapuliza vidole.

Na miaka yote hiyo Magreth alikuwa anaficha kijiko cha mama. Kwenye mtungi wa mtama. Chini ya godoro. Juu ya dari. Mwezi Juni, Luciana alipokuja, alikificha pahali ambapo hakuna mwenye akili angetia mkono: kwenye kopo la pumba za kuku, katikati ya vijiko vilivyokufa, visivyo na shingo, vyenye kutu.

Luciana alipoondoka, Magreth alihesabu. Ungo upo. Sufuria zote zipo. Mwiko upo. Akacheka peke yake: wifi amezeeka, utani umemtoka.

Wiki ya pili alitia mkono kwenye kopo. Pumba. Akamwaga kopo lote uani. Pumba tupu na vijiko vilivyokufa. Alipepeta zile pumba kama mtu anayepepeta mtama wa mwisho wa mwaka wa njaa, kuku wakimzunguka wakidhani ni sherehe. Akakumbuka wanunuzi wa chuma chakavu waliopita na baiskeli zao siku mbili nyuma. Akakaa nyuma ya banda, akalia pahali ambapo Clement hatamwona.

Clement alimwona. Akasema, "Kijiko tu, mama Derick."

Hakujibiwa mpaka keshokutwa yake.

Ndiyo maana Magreth alimkamata kuku mwekundu, akapanda bodaboda kisha basi, akaja hadi kwenye kingo za Sibiti. Kukomboa, ndiyo. Lakini kukomboa nini? Alifika jana jioni, akaingia ndani kwa Luciana, akatundika kikapu chake kwenye kichuma kilichochomekwa ukutani, akaangalia kichanja wifi anapoweka alivyochukua. Kijiko hakikuwepo. Na tangu jana jioni hajauliza, kwa sababu akiuliza na Luciana akasema, sikuchukua kitu, basi kimeyeyushwa. Basi kimekwenda. Swali lisiloulizwa bado lina mlango wazi, na Magreth alikuwa amesimama mlangoni, anaogopa kuufunga.

*

Ewe Sibiti, mto wa watu wavumilivu, unayetoka ziwa moja ukaenda ziwa jingine bila haraka yoyote. Masika unakuwa na tope na kelele, kila mtu anakuvua. Julai unanywea, unakuwa safi, unakuwa baridi kama bakora asubuhi, na kambale wako wanashuka chini kwenye shimo la mizizi ya mkuyu, wanalala. Hapo ndipo wavuvi wengi wanapokuacha. Hapo ndipo Luciana anapokuja.

Alijifunza wakati daraja la mto huu linajengwa. Mmoja wa mafundi, mtu wa mbali, jioni alikuwa anashuka ukingoni na kijichuma kinachozunguka, anarusha, anavuta. Wanaume walimcheka. Luciana alileta uji wa kuuza, akasimama nyuma yake, akatazama siku ishirini. Daraja lilipokwisha na fundi akaondoka, Luciana hakuomba kitu. Alikwenda nyumbani akagonga kifuniko cha kopo la maziwa kwa jiwe, akajitengenezea chake.

Na sasa, msikilizaji, tazama mkono ule!

Mshipi umezungushwa kwenye kopo la maziwa. Kopo liko mkono wa kushoto, mdomo wake unatazama mto. Mkono wa kulia unazungusha mchezaji juu ya kichwa, mara moja, mara mbili, mara ya tatu, mpaka hewa inalia. Kisha vidole vinafunguka. Vinafunguka tu, bila nguvu, kama unavyomwachia ndege. Mshipi unatoka kwenye kopo pete kwa pete, unanyooka juu ya maji, na mchezaji anashuka pale pale, kando ya kivuli cha mkuyu, si mbele, si nyuma.

Tupa. Subiri. Vuta polepole.

Ana miaka sitini na sita. Magoti yake yanalia akiinama. Akisimama ukingoni na lile kopo, magoti yananyamaza.

Magreth alikuja na donge rohoni, na donge lilikuwepo bado. Lakini macho ni kitu kingine. Macho yalikaa kwenye mkono wa wifi yake, yakakataa kuondoka.

Tupa. Subiri. Vuta polepole.

"Bibi Luciana!" aliita Ignas kutoka chini kidogo ya ukingo, ambako alikuwa amekaa tangu alfajiri na ndoano yake ya minyoo na koti la mvua lisilo na mvua. "Samaki wa Julai hawali chuma!"

"Na minyoo yako je? Umeivalisha soksi?"

"Minyoo ni chakula. Wewe unawatupia vyombo vya ndani."

"Hesabu samaki wako, Ignas."

Ignas aliinamia ndoano yake. Hesabu haikuwa ndefu.

"Mimi nakwambia, mto umelala," alisema baadaye, kwa sauti ya chini.

"Umelala, ndiyo," Luciana alimjibu kwa upole. "Aliyelala huamshwa taratibu. Ukimpigia kelele anakuchukia."

*

Kisha Luciana akaja, akachuchumaa karibu na Magreth, kupasha vidole moto kwenye kwapa. Mchezaji alimlalia kiganjani.

"Unajua siri yake, wifi? Watu wanadhani ni kung'aa. Siyo kung'aa. Kambale chini kule haoni vizuri, na hajali. Anasikia. Huyu akizunguka maji yanatetemeka, na lile tetemeko linamfika yule mzee wa ndevu kitandani kwake, linamwambia: kuna kitu dhaifu kinapita mlangoni pako."

"Sasa mbona wengine hawapati?"

"Kwa sababu ya baridi. Wakati wa baridi kambale hafukuzi. Inabidi upite polepole, kama unamvuta mgonjwa. Na hapo ndipo vyuma vinanishinda. Nimejaribu vifuniko vya soda. Nimejaribu bati la maziwa. Vijiko vya chai nimeua kumi. Vyote vinataka mbio ndipo vicheze. Ukivuta polepole vinalala ubavu, vimekufa." Alimnyanyua mchezaji kwa spoki ya baiskeli aliyomtungia, akampulizia. Pumzi kidogo tu. Akazunguka. "Lakini huyu! Mwone. Mwembamba kama sikio la mbuzi. Sijui alilika na nini. Nimemkata mkia, nikamtoboa, nikamtia ndoano, basi. Sikumgonga hata mara moja. Alikuja tayari."

Magreth alimwona.

Alimwona akizunguka, akamwona akipunguza, akamwona akisimama. Na aliposimama, upande wake wa kulia ulikuwa umelika.

Upande wa kulia.

"Ulimtoa wapi?" Magreth aliuliza.

"Si kwako? Kwenye kopo la kuku!" Luciana aliinuka, magoti yakalia. "Nilisema, wifi amekuwa mtu mzima kama mimi, kila mwaka namtia hasara. Mwaka huu nisichukue chombo kizima. Nichukue kilichokufa, asije akakitafuta."

Na kabla Magreth hajapata neno, kabla ulimi haujakumbuka kazi yake, mkono ule ulikwisha zunguka mara moja, mara mbili, mara ya tatu, na vidole vikafunguka.

Kijiko cha mama kikaruka juu ya mto Sibiti, kikang'aa, kikaingia kwa kichwa.

Tupa.

Subiri.

*

Alivuta mara nne. Mara ya tano mshipi ulisimama.

Haukusimama kama unavyosimama kwenye jiwe. Ulisimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Kisha ukaondoka.

"Ehee!" alisema Luciana, taratibu sana. "Karibu, babu."

Kopo liliruka mikononi. Mshipi ulikata maji kwenda chini, ukaenda kulia, ukarudi, na Luciana alikwenda nao, hatua mbili mbele, hatua moja nyuma, akimpa alipotaka na kumnyima alipochoka. Hakushindana naye. Alimbembeleza kama mtu anavyombembeleza ndama mkaidi aingie zizini. Ignas alisimama. Kuku mwekundu alinyanyua kichwa.

Lakini babu alikuwa na akili zake. Alifanya kama amechoka, akaja karibu, kisha akageuka mara moja akaingia chini ya mizizi ya mkuyu. Mshipi ukazunguka mzizi. Kila kitu kikawa kigumu.

Luciana alivuta kushoto. Kigumu. Akavuta kulia. Kigumu. Mshipi uliingia kwenye nyama ya kidole, damu ikatoka, akakilamba, akavuta tena. Kigumu. Akasimama akipumua. Kisha akatia mkono kiunoni, akatoa kisu.

"Basi," alisema. "Amenishinda kwa haki. Nakata. Chuma kingine kitapatikana."

"Usikate!"

Luciana aligeuka. Katika miaka thelathini na minane hakuwahi kusikia sauti ile ikitoka kwa Magreth.

"Luciana, usikate! Ni kijiko cha mama!"

Mto ulipita. Ignas alifungua mdomo acheke, akautazama uso wa Luciana, akaufunga.

Magreth hakumsubiri mtu. Shuka lilimwangukia kuku. Viatu vilibaki juu ya jiwe. Aliingia majini na khanga zake mbili, na baridi ikampanda magotini, ikampanda mapajani, ikamshika kiuno kama mtu mwenye deni naye. Alishika mshipi kwa mkono mmoja, akaufuata. Alikwenda nao hatua kwa hatua, kama unavyofuata kamba ya mbuzi aliyenaswa vichakani, mpaka kwenye mizizi, mpaka bega likazama, mpaka shavu likagusa maji.

Chini huko aligusa mzizi. Akagusa mzizi mwingine. Kisha akagusa kitu laini, kizito, chenye uhai. Ndevu zilimpapasa kifundo cha mkono, polepole, kama kipofu anavyoutambua uso wa mgeni.

"Nimemshika," alisema. "Nimemshika kichwa."

"Angalia miiba, wifi! Ya ubavuni! Usimkumbatie!"

Alikwisha chomwa. Mwiba uliingia kiganjani, Magreth akauma meno, hakuachia. Kwa vidole vya mkono wa pili alitafuta mshipi kwenye mzizi, akaupitisha juu, akaupitisha tena, akautoa.

"Vuta!"

"Kwa nguvu?"

"Wewe si ndiye mwalimu? Vuta polepole!"

Na Luciana alivuta polepole. Walitoka majini watatu: mshipi mbele, kambale katikati, Magreth nyuma akimsukuma kwa mikono miwili, khanga zimemganda, meno yanagongana. Ignas alishuka mbio akampokea mkono. Samaki alilala kwenye nyasi zilizokauka, mweusi, mnene, mrefu kama mkono wa mtu mzima toka begani hadi kidoleni, akifungua na kufunga mdomo wake mpana. Na kwenye pembe ya ule mdomo, kama anayelishwa, kilining'inia kijiko.

*

Luciana aliwasha moto wa mabua ya alizeti.

Alimvika Magreth sweta lake la kijani, yeye akabaki na gauni. Alimsafisha kiganja kwa maji ya moto, akakifunga kwa utepe wa kitambaa aliomfungua kuku, na kuku akaenda zake majanini akila wadudu kama mtu mwenye likizo. Ndipo akapiga magoti, yale magoti yanayolia.

"Mkia wake upo," alisema. "Nimeuchomeka ukutani. Jana ulitundika kikapu chako hapo."

Magreth alimtazama.

"Fundi yupo wa kuchomelea, kule daraja linakoanzia. Nitampelekea vyote viwili. Ataunganisha. Wifi yangu, kama ningejua, ningeiba hata godoro unalolalia. Ningemwiba Clement mwenyewe."

"Clement ungemrudisha kesho yake," alisema Magreth, na wote wawili wakashtuka kwa kicheko kilichotoka. Kilitoka kidogo. Kisha kikatoka chote.

Luciana alifungua fundo, akamtenga mchezaji na mshipi, akamweka kwenye kiganja kizima cha Magreth.

Mchezaji alikuwa bado na ubaridi wa mto. Magreth alipitisha kidole kwenye ule upande uliolika. Alikuwa anaujua upande ule kama anavyojua mlango wa kwao. Mama alikuwa anapakulia wakubwa kwanza, kisha baba, kisha wageni, na chungu kilipobaki kitupu, kitinda mimba alikuwa bado anasubiri na bakuli lake. Hapo mama aliinamisha chungu, akashika kijiko kwa mkono wa kushoto, akaanza kukomba. *Kru, kru, kru.* Ukoko mtamu wa chini kabisa. Kila jioni. Miaka na miaka. Kila jioni kijiko kikiacha chembe yake moja ndani ya chungu kwa ajili ya mtoto yule mmoja.

"Ulisema hujui alilika na nini," alisema.

"Sijui, wifi."

"Alilika kwa kunilisha mimi."

Upepo ulitoka mtoni, upepo mdogo, usiotosha kutikisa jani. Alikinyanyua kijiko kwa spoki yake, nacho kikazunguka chenyewe. Vijiko vya watu vimekaa makabatini, vizima, vinene, havijui kitu. Hiki kilikuwa chembamba cha kutosha kucheza hata kwa pumzi ya mgonjwa. Kumbe kazi yake haikuwa imekwisha. Kumbe alikificha miaka yote ile kwenye mtungi, kwenye dari, kwenye pumba, kikiwa kimelala ubavu, kimekufa.

Alikishika kwa muda mrefu. Moto ulishuka. Ignas alikuwa amekusanya minyoo yake na kuimwaga mtoni, akasema, "Mabibi, mimi nakwenda kutafuta kijiko," akaondoka.

"Mfunge tena," alisema Magreth.

"Nani?"

"Mchezaji. Mfunge kwenye mshipi. Na hilo kopo nipe."

"Wifi, utampoteza. Mizizi umeiona."

"Nimeiona kwa mkono. Nifundishe."

Luciana alifunga fundo, akalilamba, akalikaza kwa meno. Alisimama nyuma ya Magreth kama yeye alivyosimama nyuma ya fundi wa daraja, akamshika kiwiko. Kopo litazame mto. Usitumie nguvu. Fungua vidole tu, kama unamwachia ndege.

Magreth alihamisha kopo kwenda mkono wa kulia. Mchezaji akamchukua kwa kushoto.

"Na wewe ni mashoto?" Luciana aliuliza. "Miaka yote hii, mbona unakula kwa kulia?"

"Shuleni walinichapa nikaacha." Alizungusha mara moja. "Kitendawili."

"Tega."

Akazungusha mara mbili. "Mama yangu amelala Kinampanda, mkono wake unafanya kazi mtoni."

Luciana alifikiri. Kisha hakufikiri tena, akafuta macho kwa kiganja. "Nimeshindwa," alisema, ingawa hakuwa ameshindwa. "Chukua mji. Chukua Singida mjini, na taa zake zote."

"Singida sitaki. Nipe Sibiti."

"Chukua."

Mara ya tatu, na vidole vikafunguka. Hakikwenda mbali. Kilianguka hatua chache kutoka ukingoni, kwa kishindo kama cha chura mzee, na Luciana akatazama kando kwa heshima. Magreth alisubiri. Akaanza kuvuta, polepole, kama unavyomvuta mgonjwa, mshipi ukipita juu ya kidole chake cha kushoto.

Mwanzoni hakusikia kitu. Kisha kikashtuka, kikageuka, kikaanza. Tetemeko dogo lilipanda kwenye mshipi, likaingia kidoleni, likapanda kiwikoni. *Kru, kru, kru.* Magreth alisimama pale na khanga mbichi na sweta la watu, hana haja tena na samaki. Chini ya maji nuru ilikuwa inazunguka na kuja, inazunguka na kuja, ikikomba chungu kikubwa cha Sibiti mpaka chini kabisa, kwa ajili ya mtoto aliyekuwa bado anasubiri na bakuli lake.